Kitabu Alichokisifia Babu

Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani Sosiot. Mvua ilitufungia sebuleni tangu saa nane, na watoto wa kaka yangu wakaketi wameinamia simu wakitazama filamu ya vita. Mmoja akaniuliza kama mimi ningewachagulia, ningewachagulia gani. Nikafungua mdomo, nikakuta jibu langu ni refu kuliko subira yao. Mimi filamu za vita nilifundishwa kuzitazama na watu waliokuwa vitani, na tangu hapo macho yangu yaliharibika. Watoto walirudi kwenye simu yao. Wewe una muda, basi vuta kiti karibu.

Miaka ya tisini ilikuwa bado michanga, nami nilikuwa msichana wa darasa la sita, nikiishi kwa babu na nyanya. Babu tulimwita agui, na nyanya tulimwita kogo, kama wanavyoitwa kwetu. Asubuhi za Jumamosi nilichuma majani chai, kikapu mgongoni, karatasi ya nailoni imefungwa kiunoni, umande ukinilowesha mpaka magotini. Jumapili tulikwenda kanisani, tukarudi tukala kimyet, ugali wa kwetu, na mboga chungu ya kogo iliyolazwa kwenye maziwa, na sahani zilipokuwa bado hazijakauka wazee wa vita walikuwa wameshaingia lango.

Walikuwa wanne ukimhesabu babu. Wa pili alikuwa jirani yetu, mtu mrefu aliyefuma sweta. Usicheke. Alijifunzia kufuma katika hospitali ya jeshi huko India, mguu ukiwa umetundikwa, na nusu ya watoto wa kijiji tulivaa kazi ya mikono yake. Wa tatu alikuwa mzee wa kanisa, ambaye vitani alikuwa mpishi. Wa nne alikuwa karani mstaafu kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amefanya kazi katika ofisi ya kiwanda cha chai kwa miaka mingi, na alipostaafu akapanga chumba sokoni, akawa anawaandikia watu barua. Wote wanne walikwenda Burma katika Vita vya Pili vya Dunia na kurudi. Walipokutana hawakusimulia vita. Walicheza drafti kwa vifuniko vya soda, wakanywa chai, na wakabishana kuhusu vitu vya kujipitishia wakati: filamu ipi ionwe, kitabu kipi kisomwe, redio gani inashika stesheni za mbali, kama kufuma ni kazi ya mwanamume au si kazi yake.

Na walikuwa na sheria. Katika baraza lile mtu hakusifia kitu bure. Ukisema filamu fulani ni nzuri, uwapeleke wenzako wote, na wote mkae mpaka mwisho, hata ikiwa mbaya kiasi gani. Ikiwaudhi, unanyang'anywa kiti, unakalia debe la mafuta ya kupikia lililopinduliwa, Jumapili tatu mfululizo. Haki ya aliye kwenye debe ilikuwa moja tu: yeye ndiye anayetaja zamu inayofuata ni ya nani. Jirani alilikalia kwa sababu ya kusifia kufuma mbele yao. Mzee wa kanisa alilikalia kwa sababu ya gazeti la dini lenye hadithi ya vita ambayo askari wake walisali kutwa nzima na hakuna aliyeteka maji. Babu peke yake hakuwahi kulikalia, na utaona kwa nini.

Filamu zilionyeshwa Jumamosi alasiri nyuma ya mashine ya posho, katika chumba cha mbao chenye televisheni moja na jenereta inayokohoa nje. Wazee waliwekewa benchi la mbele, nami nilipenya kati yao kwa kisingizio cha kumshika babu mkono. Vijana walipiga makofi kila adui alipoanguka. Benchi letu lilihesabu makosa. Viatu vyao havina matope. Yule amepiga risasi tangu tuingie na hajajaza. Mbona hakuna anayeendesha tumbo? Jirani alitaka kujua kila mara ni nani aliyebeba vile vitu vyote, maana askari kumi walikuwa na hema, sufuria na masanduku ya risasi, na hakuna hata mmoja aliyeonekana na mzigo. Filamu moja tu waliipenda, nayo vijana waliizomea: watu walitembea kwenye mvua kwa saa nzima, kisha mpishi akaangusha sufuria ya wali akaketi chini akalia. Mzee wa kanisa aliomba irudiwe.

Sasa, kitabu. Filamu ilipowaudhi, babu alikuwa na neno moja: "Kitabu yangu ndiyo vita yenyewe." Kilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na karatasi za shamba, na ufunguo ulikuwa shingoni kwa kogo. Siku ya kuachana jeshini, afisa wake mzungu, aliyekuwa daktari wa wanyama, alimpa kile kitabu akamwambia kwa Kiswahili cha jeshi kwamba kazi yao yote imo humo. Babu hakusoma Kiingereza. Alielewa kwamba aliyeandika kazi yao ameandika na waliofanya, na kwa zaidi ya miaka arobaini aliwaambia wenzake kwamba majina yao yamo kwenye kitabu. Wana wake walisoma mpaka vyuo, lakini kwetu mtoto hafungui sanduku la baba angali hai. Naye karani, aliyekijua Kiingereza vizuri, hakupewa. Babu alisema mtu hasomi mwenyewe kitabu chenye jina lake, ni kama kujitungia wimbo.

Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko nilivyoelewa wakati ule. Wale wazee walirudi na koti, na blanketi, na vidonda. Hakuna aliyewaita tena. Walikuwa na ahadi ya babu tu, kwamba mahali fulani, kwa wino, wapo.

Kisha karani akasifia filamu. Sikumbuki ilihusu nini, ila nakumbuka shujaa alipigana nusu saa bila shati na hakung'atwa na mbu hata mmoja. Karani akapelekwa kwenye debe, na Jumapili ya kwanza alipokaa, magoti yakiwa karibu na kidevu, alitumia haki yake. Zamu inayofuata ni ya mwenye nyumba. Kitabu kisomwe. Nani akisome? Wakakubaliana nisome mimi, kwa kuwa mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ameniita mbele ya gwaride la shule siku moja kunisifu. Mungu ambariki mwalimu yule na kiboko chake. Nisome, nitafsiri kwa Kiswahili.

Alhamisi babu alinikabidhi kitabu, kimefungwa kwa kitambaa cha kaki, ili nijizoeze. Nilikifungulia kwenye kituo cha kununulia majani, nimekaa juu ya kikapu nikisubiri lori. Kilikuwa na michoro. Kwato. Kamba na mafundo. Mnyama mwenye masikio marefu ameelekezwa mishale kila mahali. Nilisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, nikaruka katikati, nikaenda mwisho. Kilikuwa kitabu cha jeshi cha kufundisha namna ya kumtunza nyumbu wa mizigo. Si wale nyumbu wa Mara. Nasema yule mtoto wa farasi na punda. Hakukuwa na vita ndani yake, na hakukuwa na jina la mtu yeyote, mweusi wala mweupe.

Nilimkuta kogo akisugua kibuyu kwa kijinga cha mkaa, tayari kwa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nikamwambia. Hakushtuka sana. Aliendelea kusugua, kisha akasema mkaa unatia maziwa mazuri harufu nzuri, lakini hautengenezi maziwa yaliyoharibika, na kwamba nisome kilichoandikwa. Nilimwona mkatili. Yeye hakuwahi kumwona babu akiyataja yale majina kwenye benchi la mbele, au alimwona mara nyingi kuliko mimi. Sijui. Nilichukua daftari langu la insha nikaandika vita. Niliandika kurasa nne nzuri, na kila mzee nikamweka ndani kwa jina lake kamili, majina ambayo nililazimika kumdodosa kogo moja moja kwa hila, kwa sababu hatukuwaita wazee kwa majina.

Jumapili ilifika na mawingu yake. Wazee walikuwa wamevaa makoti. Jirani alikuwa ameacha sindano zake nyumbani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kogo alileta chai akabaki amesimama mlangoni, si kawaida yake. Nikafungua kitabu, daftari limebanwa katikati, nikaanza.

Nilipotaja jina la jirani, alivua kofia. Nilipotaja la mzee wa kanisa, alifumba macho. Babu hakuwatazama. Alitazama majani yake shambani kama mtu ambaye deni lake la maneno limelipwa, na mimi moyo ulinijaa, nikasoma kwa sauti kubwa zaidi. Kosa langu lilikuwa kwamba vita nilivyovijua ni vya nyuma ya mashine ya posho. Katika ukurasa wa pili babu alipasua mlango kwa teke. Katika ukurasa wa tatu alishuka kwa kamba kutoka kwenye helikopta.

Jirani alirudisha kofia kichwani polepole. Mzee wa kanisa alifungua macho akauliza helikopta ilitoka wapi. Hakuna aliyecheka. Karani, aliyekuwa chini pale kwenye debe, miguuni pangu kabisa, alikuwa ameshaliona daftari. Angeweza kulivuta na kuwaonyesha, na debe lingekuwa la babu saa ile ile. Aliongea chini chini, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba kifungo chake kimefunguka.

"Mama," aliniambia, "soma ile imeandikwa."

Nikatoa daftari, nikaliweka chini. Nikawaambia kitabu kinahusu nini. Mabati ya baraza yakaanza kupokea matone ya kwanza.

"Na majina?" jirani aliuliza.

"Hakuna."

Babu aliniambia niangalie tena. Hakusema kwa ukali. Niligeuza ukurasa mmoja mmoja mbele yao, kuanzia jalada mpaka jalada, nikipitisha kidole kila mstari, na wao wakanisubiri. Sijawahi kufanya kazi ndefu kama ile. Nilipofika mwisho nilitikisa kichwa. Babu alisimama, akakishika kiti chake kwa mgongo akakisogeza pembeni, akamwendea karani.

"Simama," alisema. "Hiyo ni yangu sasa."

Karani hakusimama. Alikunja mikono juu ya magoti yake akamwambia kwamba yeye hajamaliza Jumapili zake, na tena sheria ni kukaa mpaka mwisho, na kitabu bado hakijasomwa. "Rudi kwa kiti, mzee. Wacha mtoto asome."

Nikasoma, na sauti yangu wakati huo ilikuwa ya kilio. Mnyama apewe maji kwanza, chakula baadaye. Mzigo ulingane pande zote mbili, na usipolingana usianze safari. Nilikuwa nimefika hapo tu niliposikia jirani akimalizia sentensi kabla sijaitafsiri: ukikosa cha kusawazisha, weka jiwe. Nikatazama chini. Kweli, paliandikwa jiwe. Nikaendelea. Kila mkisimama, pitisha mkono chini ya tandiko utafute palipochubuka. Mikono ya babu na jirani ilinyooka yenyewe hewani, viganja vikipapasa mgongo usiokuwepo. Mzee wa kanisa alisema sufuria zake zote zilipanda milima juu ya migongo ile, na karani akasema redio yao ya mawasiliano ilikuwa ikipewa nyumbu mpole kuliko wote, na nyumbu huyo alikula vizuri kuliko yeye karani. Hapo wakacheka. Mvua ilikuwa imekuwa kubwa, ikabidi nipige kelele, na wao wakipiga kelele kunijibu. Wakati mwingine walikipinga kitabu. Kwenye kuvuka mto babu alisema aliyeandika hakuwahi kuvuka mto wowote.

Tulipofika kwenye sura ya koo na mapafu, babu aliinua mkono nikanyamaza. Mvua nayo ilikuwa imepungua.

"Mimi nilikuwa na moja inaitwa Chelel," alisema. "Mweupe. Tulikuwa tunampaka matope ndiyo asionekane. Na alikuwa na sauti kubwa, akiniona tu asubuhi ananiita. Sasa wakasema adui atasikia. Daktari akawakata sauti, wote, hapa kwa koo, na mimi ndiyo nilishika kichwa. Alipoamka akaniona, akafungua mdomo. Hakuna kitu ilitoka."

Kogo alikuwa ameishi naye miaka yote ile na hakuwahi kuyasikia. Nilimwona akiweka birika chini.

Baada ya hapo ilikuwa zamu ya kila mtu. Wa jirani aliitwa Sigara, kwa sababu alikuwa akiziiba mfukoni na kuzitafuna. Wa redio aliitwa Nyar Dala, binti wa nyumbani, na karani aliposema lile jina alilisema kwa lafudhi ya kwao, pole pole. Mzee wa kanisa alikuwa na mmoja aliyeitwa Jumatatu, ambaye alianguka bondeni na sufuria zote, na akakiri mbele yetu kwamba siku ile alizililia sufuria kwanza. Nilikisoma kitabu mpaka mwisho, mpaka jina la mchapishaji. Hakuna aliyelitaja debe. Walipoondoka, kila mmoja alimshika babu mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, na karani akasema kwamba kati ya vyote walivyowahi kusifia, hicho ndicho kilichojibu swali la jirani, nani alibeba.

Mimi babu hakunipiga. Tulipokuwa tunafunga ndama aliniuliza helikopta ile ilikuwa na rangi gani, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Halafu aliniambia jambo ambalo nimemshukuru kwalo maisha yangu yote. Alisema kusikia jina lake kulikuwa kutamu, na kwamba ananishukuru kwa nia, lakini nisirudie kumpa mtu kitu ambacho atanyang'anywa. Mimi leo ni mwalimu, nasahihisha insha za watoto wa watu, na sina kanuni nyingine.

Tulikisoma tena mara nyingi. Wakati mwingine waliomba sura ya kwato tu, au ya mafundo, wakishikilia kamba za kufungia ng'ombe wakafanya yale mafundo bila kutazama. Kisha mambo yakaanza kupungua, kama yanavyopungua. Ikaja miaka ya uchaguzi, majirani wakaanza kuulizana kabila, na karani akarudi kwao upande wa ziwa. Babu alimbebea sanduku mwenyewe mpaka barabarani, mchana, kila mtu akiona. Barua zake zilikuja kwa mwandiko ule mzuri, halafu zikaacha kuja. Mzee wa kanisa akafariki. Chumba cha video kikawa duka la dawa za mifugo. Hata kelele za wachumaji wakiitana kutoka mstari hadi mstari zimepungua siku hizi.

Babu alipofariki, karatasi ya wasifu iliyosomwa makaburini ilitaja mke, watoto, ekari za majani, ng'ombe wa gredi, na kanisa alilosaidia kujenga. Vita vilipata mstari mmoja. Msomaji alipouliza kama kuna mwingine wa kusema neno, jirani aliinuka kwa fimbo yake. Alikuwa amezeeka mno, na sweta aliyovaa ilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Alikwenda mpaka mbele ya jeneza, akaweka kiganja juu yake.

"Huyu," alisema, "alikuwa mtu wa Chelel."

Akaketi. Minong'ono ilianza upande wa shangazi zangu. Chelel ni jina la mwanamke kwetu, na niliona vichwa vikigeuka kumtazama kogo, vingine kwa huruma, vingine kwa hamu. Kogo alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka, na waliokuwa karibu naye wakamshika wakimpa pole. Mimi nilikuwa nimekaa karibu zaidi. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na aliutafuta mkono wangu akaubana.

Siku ile, katika umati ule wote, tulikuwa watu watatu tuliomjua Chelel. Jirani alikufa kabla mwaka haujaisha, na kogo tulimzika miaka miwili baadaye. Nilibaki peke yangu na Chelel kwa muda mrefu. Sasa tuko wawili, mimi na wewe.